Kilio Mbele ya Kitambaa Cheupe

Kwetu mtu hazikwi kimya. Kabla sanduku halijafungwa, mwanaume mmoja wa jamaa anasimama katikati ya watu na kueleza historia ya kifo: ugonjwa ulianza siku gani, nani alikimbia kutafuta dawa, nani aliitwa akakataa kuja, neno la mwisho lilikuwa gani. Haruki kitu. Akiruka, kuna mama fulani kule nyuma atapiga kelele, "Na ile ya hospitali? Sema yote!" Yakiisha kusemwa, ndipo watu wanainua sanduku. Wazee wetu walitoka na desturi hii Kasai walipoletwa huku kuchimba shaba, na sisi tuliozaliwa kambini, kambi ya wachimbaji, tumeishika hivyohivyo.

Mdogo wangu hakuwa na sanduku. Kilima kilituangukia sisi wawili shimoni. Mimi udongo ulinifika kifuani, wakanivuta. Yeye alikuwa mbele zaidi, akabaki. Hakuna mwili, kwa hiyo hakuna aliyesimama kueleza. Mama akasema basi, kilio hakijaisha. Akateremka kitandani, akalala chini mvua nne, ndiyo miaka minne. Hakusuka nywele. Majirani wa mtaa wetu wa Manika wakija kumwambia, "Mama, rudia kitanda, mugongo itakuuwa," yeye anawajibu, "Habajanielezea mutoto wangu alikufaka namna gani."

Ningemweleza mimi. Nani mwingine? Kila asubuhi nilimpita pale chini nikienda nje, na neno lilikuja mpaka kwenye meno, likarudi. Wakosaji wawili nilikuwa tayari kuwataja hata kwa mbwa wa njiani. Lakini historia haikatwi vipande, na kulikuwa na kipande kimoja nisichotaka mama akisikie. Nitakifikia.

Chuo kikuu cha mji wetu huonyesha filamu kila mwaka, mvua zikiisha. Si zile za kupigana. Ni filamu za watu wa kweli: mama anayeuza samaki sokoni, treni ya Kasaji inayosahau saa yake, mzee anayetengeneza baiskeli. Wanafunzi wanazipiga wenyewe. Mmoja wao, msichana mwembamba mwenye miwani, alizoea kuja kwenye machimbo yetu na kamera yake, hata tukaacha kumwona, kama unavyoacha kuona mti wa uani. Kiangazi kile cha mwisho alimpiga mdogo wangu akitoka shimoni, vumbi usoni, taa ya kipaji cha uso bado inawaka ingawa jua lilikuwa katikati ya mbingu.

"Unipige muzuri, dada," mdogo wangu akamwambia. "Ukinitoa mubaya, nitakosa bibi wa kuoa."

"Bibi atakuona na hiyo taa mchana, atakimbia."

"Hapana. Atasema huyu bwana anaonaka mbali."

Tulicheka. Hata leo nikifumba macho, kicheko kile kinatoka ardhini, kinapanda polepole kama maji ya kisima.

Baada ya ajali msichana alinifuata mtoni, pale tunapooshea mawe. Maji yalikuwa ya kijani kwa sababu ya shaba, na miguu yangu ndani yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akawasha kamera. Nikawataja. Wa kwanza, rais wa koperative, ushirika wetu wa wachimbaji. Mvua ilinyesha siku tatu, udongo umekunywa mpaka umelewa, kila mchimbaji anajua siku kama hiyo unalala nyumbani. Yeye akaja na buti zake safi akasema asiyeshuka leo, shimo lake litapewa mwingine. Wa pili, kamanda wa polisi wa mgodi. Kilima kilipoanguka, wenzetu wa machimbo ya jirani walikuja mbio na majembe. Yeye akafunga lango, akasema tungoje amri ya wakubwa. Amri ilifika kivuli kikiwa kimehamia upande wa pili wa kilima. Majina yao niliyasema yote, la baba na la ubatizo. Hapa siandiki majina. Watu wa machimbo wanawajua.

Kipande changu sikumpa.

Mvua ya nne ilipoisha, msichana alikuja nyumbani na karatasi ya mwaliko. Filamu imekwisha, itaonyeshwa chuoni. Mama alikuwa ameketi chini, anachambua maharagwe. Akauliza, "Nitamuona?"

"Utamuona, mama."

"Muzima?"

"Anacheka, mama."

Mama akaacha maharagwe. Akamtuma mtoto wa jirani awaite mama wenzake wa kanisa. Nilielewa mara moja alivyoelewa. Mtoto wake amepatikana. Yuko chuo kikuu, amelazwa juu ya kitambaa. Kama mwili uko, kilio kiko, na mtu atasimama kueleza. Ningemsahihisha. Sikuthubutu, na sitadanganya: mimi pia nilianza kuamini hivyo. Usiku ule niliota ninamkata kucha mdogo wangu, na kila kucha ilikuwa jiwe dogo la kijani.

Siku ya filamu mama wa kanisa walifika wote, vitambaa vyeusi kichwani, vitenge vimefungwa kiunoni. Walipanda pikipiki za taxi-moto na unga wa mahindi, makaa na beseni la sombe, majani ya muhogo, kama mtu anavyokwenda kusaidia penye msiba. Ilikuwa saa nane mchana. Mlangoni walivua viatu, wakaviacha kwenye mstari. Mwanafunzi wa protokole, wa kupokea wageni, kitambaa cha rangi shingoni, akaona unga, akaona makaa, akapoteza Kifaransa chake.

"Bamama, haya makaa ni ya nini?"

"Ya kupikia bageni, mutoto wangu. Jiko iko wapi?"

"Hakuna jiko. Ni sinema."

"Hata sinema, batu batakula," akasema mama mmoja mnene, akampa beseni. "Shika. Usimwage."

Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa nguo nyeusi. Nje jua lilikuwa jeupe, ukipita mlango unaingia giza la baridi. Nilisimama. Mwili wangu ulijua giza lile kabla yangu mimi. Nikashika ukuta, nikatafuta kamba ambayo haikuwepo. Kisha mwanga ukatoka nyuma, mwembamba, vumbi likielea ndani yake bila haraka, na nikakumbuka jinsi vumbi lilivyokuwa likielea kwenye taa zetu kule chini, zuri, hata unasahau kwamba unalivuta kifuani.

Mstari wa mbele alikaa rais wa koperative. Ndiyo, yeye. Koperative yake ilileta viti na vinywaji, kwa hiyo alikuwa mgeni wa heshima. Mama wengi wa kanisa hawakumjua kwa sura. Walipita mbele yake, wakatandika vitenge, wakaketi sakafuni kati yake na kitambaa cheupe. Msichana mmoja wa protokole akawainamia: "Bamama, biti biko. Mukae ku biti."

"Mu kilio banaikalaka ku kiti?" mama mnene akamwuliza. "Kwenu mulitoka wapi, weye?"

Rais akavuta viatu vyake nyuma ili visiguse mgongo wa mama yangu. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Filamu ikaanza. Mto wa kijani, mikono ya wanawake, mawe yanayong'aa. Vitu vyote vilikuwa vizuri kuliko vilivyo. Kisha uso wangu, mkubwa kama nyumba. Nikaona midomo yangu inafika kwenye jina la rais. Gitaa likapigwa. Midomo ikafika kwenye jina la kamanda. Gitaa likaendelea, tamu, polepole. Nilikuwa samaki. Nilifungua na kufunga mdomo mbele ya watu wote, na maneno yangu yote yalikuwa gitaa.

Kabla sijasimama kukasirika, mdogo wangu akatoka shimoni.

Kulikuwa na feni ukutani, na kitambaa kilikuwa kikipepea kidogo. Kwa hiyo kifua chake kilipanda na kushuka. Alikuwa anapumua. Alitembea kuja kwetu, taa kwenye kipaji, akasema ile ya bibi, akacheka, na feni ikamjaza hewa. Mama akaenda kwa magoti mpaka kwenye kitambaa, akaweka kiganja kwenye mguu wa mtoto wake. Mwanga ukapanda juu ya mkono wake, mguu ukawa juu ya mkono, mkono ndani ya mguu. Hapo mama wote wakapaza sauti. Kilio cha Kasai, kile cha zamani, ambacho hata sisi wa kambini tulikuwa tumeanza kukisahau.

Nyuma yetu wageni wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo uliotayarishwa.

Taa zikawashwa. Mwenye kuongoza mazungumzo, mwalimu kijana, akasema kuna nafasi ya maswali, na maswali yawe mafupi. Nikanyoosha mkono. Akanipa mikro, kile kipaza sauti.

"Tata, swali lako?"

"Sina swali. Nitaeleza namna alikufaka."

"Eleza!" wakajibu mama wote toka sakafuni, kwa sauti moja, kama inavyotakiwa. Mwalimu akatazama karatasi yake.

Nikaeleza. Siku tatu za mvua. Buti safi. Maneno ya rais neno kwa neno, na jina lake lote, la baba na la ubatizo, na nikamwonyesha kwa mkono. Mama wakageuza shingo wakamtazama toka chini. Akawa anasoma simu. Nikaeleza lango, kamanda, majembe yaliyosimama nje. Sauti yangu ilitoka ukutani pande zote, kubwa, si yangu, kama mtu fulani mwenye nguvu ananisaidia kuchukia. Nilisikia utamu wake. Nikasema, "Hao wawili ndio balimuuwa," nikataka kurudisha mikro.

"Bado," akasema mama mnene. Mwanawe anachimba, yeye mwenyewe anaosha mawe. "Ku shimo banaingiaka na zamu. Siku ile, zamu ya kwenda mbele ilikuwa ya nani?"

Mashine ya filamu ilikuwa haijazimwa; mwanga mweupe mtupu ulikuwa bado kwenye kitambaa, na mama yangu ameketi ndani yake, hana kivuli.

"Yangu," nikasema.

"Sema yote."

"Zamu ilikuwa yangu. Nilikunywa pombe ya lutuku usiku, kichwa kilikuwa kinauma. Nikamuambia, weye utangulie, mi nitabakia katikati ku kamba. Akasema, yaya, mukubwa wangu, udongo unalia. Nikamuambia unaogopa kama mwanamuke. Akaenda."

Wanaume wa kwetu wanasema neno hilo kila siku na hakuna kinachotokea.

Mama hakulia. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama anavyosikiliza mahubiri. Nilipomaliza akajikung'uta kitenge, akasema, "Sasa nimesikia." Wakainuka wote. Rais alikuwa ametoka kwa mlango wa pembeni. Ana mkutano, walisema. Yeye mpaka leo ni rais wa koperative.

Msichana wa kamera alinifuata nje, miwani imejaa machozi.

"Tata, kile kipande hukunipa."

"Na vile vipande nilikupa, ulitia gitaa."

"Mwalimu alisema filamu si tribunali ya kuhukumu watu."

"Basi sote tulikata," nikamwambia. Tukasimama pale kwenye jua. Mama wa kanisa walikuwa wamepata mawe matatu nyuma ya ukumbi, wamewasha makaa, na wanafunzi walipanga mstari na sahani. Moshi wa sombe ulipita juu ya mabango ya filamu.

Usiku ule mama alipanda kitandani. Asubuhi akamtuma mtu Lubudi amwite mdogo wake, mjomba wangu, aje kufunga kilio. Siku ya kunyoa nywele za kilio watu walikuja, munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ukamiminwa. Mjomba akashika wembe na beseni. Mama akanyolewa wa kwanza. Kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupe, cha mtoto. Wakafuata dada zangu, watoto wao, binamu. Mimi nikapiga magoti wa mwisho. Maji yakagusa nywele zangu.

"Huyu bado," akasema mama.

Mjomba akashika wembe hewani. "Bado mpaka lini, yaya?"

"Aliambia batu ba chuo kikuu. Aende amuambie mudogo wake mwenyewe, kule alimuacha. Akisha, nitamunyoa na mukono yangu."

Kilima kile kimezungushiwa ukuta, na seng'enge juu yake. Kamanda ni yuleyule, kiti chake kiko langoni, chini ya mwavuli. Nimekwenda mara nyingi. Ananiona ninakuja kwa mbali, anacheka na vijana wake, ananiambia hapa hakuna kaburi, ni mali ya mgodi. Nikijaribu kuongea toka nje ya ukuta, upepo unachukua maneno kabla hayajapita seng'enge. Mama anasema ya nje hayahesabiki.

Nywele zimenifika shingoni. Watoto wa Manika wananiita nabii. Jioni ninaporudi mama ameshapika bukari, ugali wetu, ameifunika. Ananitazama miguu, vumbi lake.

"Ulifika?"

"Hapana, mama."

"Nawa mikono," anasema. "Kula."