Siku Kumi za Mzee Msellem

Bi Nasriya wa Mabela alikuwa mtu wa kupanga. Miaka thelathini na moja alifundisha jiografia katika shule ya wasichana kule Sib, Oman, na alipostaafu akawa anawapangia safari wapiga picha watano, wengi wao watoto wa waliorudi kutoka Unguja, wenye kamera za bei mbaya na akili ndogo ya njia. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na aliwaambia usoni. Kila safari aliiandika kwenye karatasi: saa ya kutoka, pahala pa kusali, jua litakuwa upande gani saa ngapi.

Mwaka huu safari ilikuwa ya mlima wa Jabal Akhdar, kwenda kuona majani yakigeuka manjano. Wengi hudhani Oman haina mambo hayo, lakini kule juu kwenye baridi mijozi na mikomamanga hugeuka rangi kwa wiki moja tu, kisha upepo unapukutisha yote. Ukiwahi huoni kitu, ukichelewa unakuta matawi matupu.

Kilichomharakisha alikijua mwanawe Hisham peke yake. Presha ya macho ilikwishalimaliza jicho la kushoto, na la kulia lilimwachia tundu dogo katikati, kama anachungulia tundu la ufunguo. Operesheni ilipangwa tarehe kumi na tisa Novemba. Daktari hakumficha: huenda ikaokoa kilichobaki, na huenda akaamka hana hata hicho, ila kungoja ndiko kubaya zaidi. Bi Nasriya aliogopa mpaka chakula kikamshinda. Alitaka kitu kimoja kabla ya siku hiyo, alione bonde la manjano alilosimuliwa na baba yake tangu ana meno ya utoto.

Baba yake, marehemu Mzee Msellem, aliporudi kutoka Unguja alipata kazi ya kuendesha gari la kilimo huko mlimani. Kila mwaka alimwahidi bintiye kumpeleka, na kila mwaka likatokea la kutokea. Alichomwachia ni daftari. Ukurasa wa mwaka 1985 ulisema: *Mijozi yote manjano leo. Mwongo wa kumi na tatu, siku ya tano.*

Mzee Msellem alihesabu siku kwa nairuzi, kama walivyohesabu wakulima wa Unguja: unaanzia Siku ya Mwaka, unakwenda kumi kumi, na kila kumi ni mwongo. Bi Nasriya akampigia simu binamu yake Sabah aliyebaki Unguja, akamuuliza Siku ya Mwaka ilianguka lini, akahesabu mara tatu. Ikatoka tarehe kumi na sita Novemba, siku tatu kabla ya operesheni. Akalia kwa furaha. Aliona baba yake ndiye aliyemwekea siku hiyo, alipe ahadi yake.

"Mama, si tumpigie mtu wa kule juu tumuulize?" alisema Hisham.

"Baba yangu kaandika kwa mkono wake, mie nkaulize watu?"

Hisham akairudisha simu mfukoni. Kwa mama kama huyo kunyamaza ndiyo adabu.

Basi wakaomba ruhusa kazini, maana ilikuwa Jumapili, na Oman Jumapili ni siku ya kazi, wakatoka baada ya sala ya alfajiri kwa gari mbili za mlima. Chini ya mlima polisi hawapitishi gari ndogo, na Bi Nasriya alikwishaliandika hilo pia. Njia nzima alikaa mbele, anawaambia wataanza na bonde gani, nani asimame wapi.

Wakafika ukingoni mwa bonde. Bonde zima lilikuwa kijani. Kijani kibichi, cha kushiba maji.

"Bi Nasriya," alisema Yaqdhan, mkubwa wa wapiga picha, "si ulisema leo?"

Mwenye shamba, Saud, alikuwa akisafisha mfereji. Akawaambia kwa Kiarabu, taratibu, kama anayeongea na wageni waliopotea: "Mmewahi. Bado siku kumi."

Bi Nasriya akalitoa daftari kumsuta. Kabla hajalifungua akahesabu tena. Siku kumi. Nairuzi ina siku mia tatu sitini na tano, haiujui mwaka mrefu. Kila miaka minne inarudi nyuma siku moja, na miti haiifuati. Tangu 1985 ni miaka arobaini. Mzee Msellem hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mwalimu wa jiografia, aliyewaeleza wasichana miaka thelathini na moja kwa nini Februari hupata siku ya ziada.

Akamvuta Hisham pembeni. "Wapigie hospitali. Wambie waniongeze siku kumi."

"Mama, daktari kasema hata wiki hatuna."

"Wapigie tu, mwanangu. Nakuomba."

Hakuwahi kumwomba. Hisham akapiga, akaongea chini chini, akakata. "Wamekataa, Mama. Mie ntarudi tarehe ishirini na sita. Ntakupigia picha zote, nikuletee."

"Nizitazame na nini?"

Bi Nasriya akahisi roho inamtoka kwa uchungu, na hakuwa na wa kumlaumu.

Ndipo Yaqdhan, ambaye naye hakuambiwa kitu, akaita kutoka chini ya mjozi mmoja mrefu. "Bi Nasriya, njoo. Liko jani moja limegeuka. Pale juu kabisa, kulia."

Akaenda nusu mbio, kashikwa mkono na Hisham. Akainua uso, akalizungusha tundu lake kwenye mti ule tawi kwa tawi. Kijani. Mbingu. Kijani. Shina. Akarudia kutoka chini. Wote walikuwa wamesimama wanamngoja, na jicho likaanza kumtoka machozi, hata kile kijani kikamchanganyikia.

"Naam," alisema mwisho. "Nimeliona. Zuri."

Yaqdhan akamtazama, hakuelewa. "Lakini lishaanguka, Bi Nasriya. Lilianguka pale ulipokuwa unakuja."

Hisham akamshika bega, akamgeuza taratibu kuelekea gari.