Painti Moja, Glasi Tatu

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, nilipokuwa nikisubiri ofisi za Ubelgiji ziamue kama shahada yangu ya kemia kutoka Bukavu ilikuwa na uzito wowote kwao, nilipata kazi ya kuhudumu katika baa ya Mmarekani mmoja huko Ixelles, mtaa mmojawapo wa Brussels. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na nilikuwa nimepewa mwezi mmoja wa majaribio. Mwisho wa mwezi mwenye baa angenipa mkataba au angenishukuru na kuniaga. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa kikingojea mkataba huo.

Mwenye baa alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye nywele fupi na Kifaransa cha kuchongwa kwa shoka, aliyekuja Brussels na wazo moja tu: kuwauzia Wabelgiji bia hafifu, aliyoipika mwenyewe, katika glasi kubwa. Katika mji ule kila bia ina glasi yake, yenye umbo lake na mstari mwembamba unaoonyesha kipimo, na watu huinywa taratibu kwa sababu ni kali. Yeye alileta glasi za aina moja, nene, zilizonyooka, zisizo na mstari wowote. Aliziita painti. Bibi mmoja wa jirani alipowekewa ya kwanza aliitazama pande zote, akaniuliza kama maua yatafuata.

Udadisi ni maradhi ya walimu wa kemia. Siku moja niliomba kuazima glasi moja, nikaenda nayo nyumbani Anderlecht, nikaijaza maji hadi ukingoni na kuyamimina katika jagi la kupimia maziwa. Sentilita arobaini na saba. Nikachukua penseli. Bia yake ilikuwa na asilimia tatu na nusu ya kileo. Bia ya kahawia waliyoizoea majirani zetu ilikuwa na nane na nusu, katika glasi ya sentilita thelathini na tatu. Nilirudia hesabu mara mbili kwa kutoiamini: painti nzima ilibeba kileo kinachozidi kidogo tu nusu ya kile cha glasi ndogo. Mimi niliyekulia mahali ambapo chupa kubwa humtangulia mtu kwa sifa, nilikuwa nimedhani siku zote kwamba ukubwa na ukali ni ndugu wa tumbo moja.

Kesho yake nilimwuliza mwenye baa kwa nini anajisumbua kupika kitu hafifu namna ile.

“Ili mtu akae,” alinijibu. “Ukitaka kuzungumza saa tatu nzima, unahitaji kitu mkononi kisichokuangusha.”

Jibu hilo lilinipendeza. Lakini alikuwa pia na sheria, aliyoiandika kwa chaki juu ya kaunta: kila anayeketi awe na painti yake.

Jumamosi ya wiki ya tatu, mchana, wakaingia wazee watatu. Mmoja nilimtambua kabla hajavua kofia. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nami nikamzoea kwa jina la tonton, yaani mjomba.

“Heee! Mwalimu muzima!” alisema kwa sauti ya kanisani. “Diplôme yote ile, na leo unabebeya batu pombe?”

“Ndiyo, tonton. Karibuni, mukae.”

“Bon. Utuletee moya ya mukubwa, na maverre tatu ya kidogo.”

Niliwapelekea painti moja na glasi ndogo tatu, kama walivyoagiza. Niliporudi kaunta, mwenye baa alikuwa ameshaona.

“Waambie sheria,” alisema. “Kila mtu na yake. Kama hawana uwezo, naelewa, lakini viti ni vichache.”

Kumwambia mzee yule neno hilo nisingeweza, na kumkatalia mwajiri katika wiki ya tatu kulikuwa ni kujifukuza mwenyewe. Nikajaribu njia ya katikati. Nikamweleza mwenye baa kwamba kwetu kikubwa huagizwa ili kimiminwe. Kwamba mmoja humimina, na glasi ya mwenzake ikipungua huiongeza bila kuombwa. Kwamba mtu anayekumbatia chombo kikubwa peke yake huonekana kama aliyegombana na wenzake. Alinisikiliza, kichwa kimeinama upande. Kisha akachukua glasi ndogo, akaenda kuketi nao. Sikujua anakwenda kuwafukuza au kujifunza, nikamfuata na kitambaa mkononi kana kwamba kuna meza ya kupangusa.

Tonton alimmiminia vidole viwili, akasubiri anywe, akamwongeza. Kisha akamwuliza kwa Kifaransa safi kama bia hii ilipikwa kwa ajili ya wagonjwa. Mwenye baa alicheka, akampa jibu lile lile alilonipa mimi: ni hafifu ili watu wakae.

Hapo tonton akawageukia wenzake, akahamia Kiswahili.

“Munasikia? Anapika bia ya kufanya batu bakae. Alors, sisi tumekaa. Sasa juu ya nini anatuhesabia makalio?”

Wazee wakacheka hadi meza ikatikisika.

“Amesema nini?” mwenye baa aliniuliza.

Ningeweza kusema kwamba ameisifu bia. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini, laini, na ulikuwa na kibali changu ndani yake. Lakini tonton alikuwa akinitazama kwa jicho la mtu anayesahihisha daftari.

“Umuambie, maman,” alisema, akiniita kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao. “Ao unaogopa?”

Nikamwambia. Yote, pamoja na makalio.

Damu ilimpanda hadi masikioni. Alitazama chaki yake juu ya kaunta, akatazama painti iliyokuwa katikati ya meza, imebaki robo. Halafu akaisogeza glasi yake mbele ya tonton ili aongezewe, na akaendelea kukaa.

Jioni, tulipokuwa tukifuta kaunta, aliniambia kwamba siku nyingine nikiona sheria yake ni ya kipumbavu nimwambie mapema, kabla wateja hawajamwambia. Mkataba aliutia saini Ijumaa iliyofuata.

Nilimpigia simu tonton kumpa habari, nikamkaribisha tena yeye na wenzake. Alinipongeza kwa maneno mengi ya baraka.

“Viti biko bizuri, mutoto wangu,” alisema. “Lakini ile bia yenu, mutu anakaa namna gani? Kila dakika kumi niko mu choo.”