Kanda Isiyo na Busu

Nina nakala nne za filamu moja, na nimeziangalia sana mpaka watu wa nyumbani wameanza kuniangalia mimi. Ni filamu kongwe ya msafara. Steringi anavuka jangwa na ngamia wake kutafuta kisima kilichofukiwa na mchanga, adui anamfuata nyuma kwa farasi, na kati yao kuna binti wa mwenye msafara, ambaye kazi yake ni kupotea na kuokolewa. Si filamu ya maana sana. Nasema hivyo bila kuionea, maana naijua kwa ghibu.

Nakala moja niliinunua Mombasa, katika zile diski za filamu kumi kwa pamoja. Humo picha imebinywa, ngamia wana miguu mifupi kama mbuzi. Nyingine nililetewa na jirani aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni. Ina maandishi ya Kiarabu chini na kila penye haya pamekatwa: steringi anamsogelea binti, mara ghafla wote wawili wako juu ya ngamia na jua limeshakuchwa. Ya tatu niliipakua kwa simu, nayo ni giza tupu, huwezi kujua yupi adui na yupi farasi. Ya nne ndiyo safi. Hiyo ndiyo iliyoingia nyumbani kwanza, na ndiyo niichukiayo kuliko zote.

Imesafishwa hasa. Unaona punje za mchanga. Unaona poda kwenye shingo ya steringi, na ukitazama vizuri unaona kuwa milima ya nyuma ni pazia lililopakwa rangi, tena lina mkunjo. Watu husifu usafi wa picha mpaka natamani kuwafunga midomo. Nani aliomba kuonyeshwa ule mkunjo?

Kanda yetu haikuwa hivyo. Ndani ya kanda yetu mchanga ulikuwa mwekundu kama achari ya embe, juu ya kioo kulikuwa na mstari wa chenga usioondoka, na sauti ilizama kila farasi walipokimbia. Na katikati alikuwamo Mama.

Baba alikuwa akipiga video za harusi, upande wa wanaume. Alikuwa na kamera ile ya kubeba begani, na deki mtaani petu ilikuwa yetu peke yetu. Jumamosi baada ya alasiri, mashangazi na majirani walikuja kutazama. Baba huwawekea kanda, kisha huenda zake barazani. Siku ya kwanza ya filamu hii alikuwa bado yumo chumbani akihangaika na chenga, mara steringi akamshika binti kidevu na kumbusu. Baba akaruka akasimama mbele ya televisheni, ameutandaza msuli wake kwa mikono miwili kama mwanamke aanikaye nguo.

"Bwana, sogea!" shangazi mmoja akapiga kelele. "Ngamia watatupita!"

Chumba kizima kikacheka, na Mama akacheka kuliko wote. Baba hakucheka. Wiki ile ile aliunganisha kamera na deki kwa waya, akaipeleka kanda mpaka pale penye busu, akarekodi juu yake. Alitia kilichokuwamo ndani ya kamera. Alikuwamo Mama, kiwandani, pale uani kwetu, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, kichwa wazi, nywele zimesukwa. Anainua uso, anaona anapigwa picha, anaanza kuteta lakini kicheko kinamshinda. "Hebu ondoa kidude hicho mbele ya mato yangu!" Kisha mkono wake unakuja, vidole vimejaa machicha, unaziba kioo. Giza. Halafu ngamia.

Sekunde kumi na moja. Mama alipojiona aliona haya, akamwambia Baba aondoe. Baba akasema ataondoa. Hakuondoa, na yeye hakukumbusha tena.

Mama alifariki mwaka niliomaliza shule. Hakupenda picha. Tuliyobaki nayo ni ya kitambulisho, amekunja uso hata mimi mwanawe humwogopa. Kwa hivyo Mama anayetembeza mikono, Mama mwenye sauti, alibaki ndani ya ile kanda tu. Ijumaa baada ya swala Baba aliitazama filamu yote tangu mwanzo. Hakuwahi kuipeleka mbele. Alivumilia jangwa zima, adui na farasi wake, saa nzima na zaidi, mpaka afike pale. Baadaye alizima akaenda kulala kidogo. Sijui kama aliwahi kujua kisima kilipatikana au la.

Kisha deki ikafa. Fundi alisema vipuri vyake havipo tena duniani. Baba akakaa na kanda isiyo na pa kuingia. Ndugu yangu mkubwa, anayeishi Mombasa, alipokuja likizoni akasema huko kuna duka linalohamisha kanda kwenye flashi. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu huu. Tena nikamuusia: "Usimwambie mwenye duka kitu. Mwambie ni filamu tu." Sikutaka mwanamume nisiyemjua asimamishe picha pale penye Mama, amkazie macho kichwa wazi. Ndugu yangu alifanya kama nilivyosema.

Flashi ilipofika niliichomeka mara moja. Mchanga ulikuwa wa rangi ya mchanga. Moyo ukaniambia kuna jambo, nikapeleka mbele mpaka pale. Nikaona busu.

Nilimpigia mwenye duka. Alichangamka, sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. "Kanda yako ilikuwa mbovu, dada. Katikati kuna mtu alirekodi juu, kuna mama fulani anakuna nazi. Nikaona nisikuharibie, nikakutafutia yenyewe, HD, safi kabisa."

"Na kanda yangu?"

"Ilikuwa na ukungu. Niliitupa."

Ningeweza kumtafuna mzima mzima. Lakini alikuwa na kosa gani? Aliambiwa ni filamu, akanipa filamu. Mimi ndimi niliyemficha Mama mpaka akatupwa.

Tangu hapo ndipo nikaanza kukusanya nakala nyingine. Najua hayumo. Hata mjinga anajua hayumo. Lakini kila ninapoipata nyingine, mikono yangu huenda pale pale, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja huwa natumaini. Nampenda hata katika zile picha mbovu ambazo hayumo.

Baba nilimdanganya. Nilimwambia flashi bado haijafika, fundi ana kazi nyingi. Kila Ijumaa aliuliza, na kila Ijumaa nilikuwa na uongo mpya. Miezi mitatu. Mpaka ndugu yangu alipompigia kumjulia hali, akataja kuwa flashi alishaituma zamani.

Baba hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti chake, akasema, "Niwekea."

Nikamwekea. Nilikuwa na saa nzima ya kusema, na sikusema. Alitazama jangwa, akasema rangi imebadilika. Adui akaja na farasi wake. Steringi akamsogelea binti. Si adabu kwangu kukaa na babangu mbele ya jambo lile, lakini sikuinuka. Steringi akambusu binti, kwa usafi wote ule, na Baba akainama mbele kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yao.

"Yu wapi?" akauliza.

Nikazima, nikamweleza yote. Nilimweleza na lile neno nililomuusia ndugu yangu, sikujiachia kitu. Nilingoja aniulize kuhusu kichwa wazi, na mwanamume wa dukani. Hilo ndilo aliloniuliza.

"Huyo bwana alimuona?"

"Alimuona, Baba."

 Akakiangalia kioo kilichozimwa.

"Basi yeye ndiye wa mwisho kumuona," akasema. "Mpigia."

Nikapiga. Nilidhani anataka kumtukana, na nilikuwa tayari kumwachia. Simu ilipopokelewa Baba aliichukua kwa mikono miwili.

"Assalamu alaikum, Bwana," akasema. "Yule uliyemuona akikuna nazi ni mke wangu. Nambia, yu vipi?"