Breki za Ghafla

Kwa miaka tisa alikuwa ameacha kazi kumi na moja, nyingi bila hata kuaga, ndiyo maana wenzake walimwita Ghafla. Alikuwa mpambaji wa keki, na mkono wake haukuwa na mpinzani: ua lake la krimu lilikufanya utake kulinusa. Akikupenda, alikupenda kama pacha wake. Ukimpita siku moja bila salamu, ulikuwa adui tangu tumboni mwa mama yako.

Kazi ya kumi na mbili ilidumu. Mwenye duka la mikate, mwanamke mnene wa maneno machache, alimpa chumba cha nyuma chenye meza ya marumaru, akamwacha afanye kazi. Ghafla akamwita Mama, akamsifu mpaka waokaji wakachoka kusikia. Mwaka ukapita, na miezi minne juu yake.

Jumamosi moja asubuhi aliingia akakuta msichana mgeni amesimama penye meza yake, anakoroga rangi. Oda zilikuwa zimezidi, kwa hiyo mwenye duka alikuwa amemtafutia msaidizi; alinuia kumwambia, akasahau. Ghafla hakuuliza. Keki ya harusi ya ghorofa tatu, aliyoipamba kwa siku mbili, ilikuwa pale ikingoja wenyewe. Aliisukuma chini kwa mikono miwili.

"Haya, mpe na hiyo aipambe!" alimfokea mwenye duka.

Kisha akajifungia stoo, katikati ya magunia ya unga. Akaitwa mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi.

"Dada, fungua."

"Mwambie Mama asinifukuze."

"Hajakufukuza. Wewe ndiye unayewahi kuondoka kila mara."

Mwenye duka alikuwa amepiga magoti, anazoa krimu sakafuni. "Jumatatu aje kazini," alisema. "Lakini kwanza aende akaonwe na daktari."

Daktari wa akili alimsikiliza wiki tatu kabla ya kutaja chochote. Alipotaja, alisema ni tatizo la haiba, yaani hulka ya mtu: hisia hupanda upesi na kushuka polepole, na hofu ya kuachwa humfanya mtu awahi kuacha.

"Kwa hiyo mimi ni mtu mbovu, tena kwa cheti?"

"Hapana. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama lozi, inayopiga king'ora cha hatari. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu inayosema, subiri kwanza, tutazame. Kwa wengi wenye tatizo hili, king'ora huwahi kulia na breki huchelewa kushika. Sababu zote hatuzijui. Kuna kurithi, na kuna maisha ya utotoni."

Ghafla akaeleza jinsi mama yao alivyokuwa akiondoka wiki nzima bila neno, na mtoto wa miaka saba akishinda dirishani. Alisimulia kama habari ya jirani.

"Dawa yake?"

"Kidonge cha kuliondoa hakuna. Kuna mazoezi."

Kila Jumatano alikaa na wagonjwa wenzake saba, wakijifunza kuitaja hisia kabla ya kuifuata, na kutumbukiza uso katika maji ya barafu king'ora kinapolia. Waokaji walicheka walipomwona ameinamia beseni. Naye alicheka, maji yakimchuruzika, akarudi mezani. Mwezi wa tano wa mazoezi alimtukana mshauri wa kundi kwa ujumbe wa simu, akapotea wiki tatu. Aliporudi alikaa karibu na mlango. Dukani, msaidizi wake alipomkosoa, alirusha mfuko wa krimu ukutani. "Nafuu," alisema mwenye duka. "Ukuta hauna harusi."

Mwaka uliofuata mdogo wake akahamishiwa shule ya mbali. Alimwambia jikoni, wakisuuza vikombe. Ghafla aliweka kikombe chini, akashika ukingo wa sinki.

"Naogopa," akasema. "Nahisi unanikimbia. Pengine si kweli, lakini ndivyo ninavyohisi."

Mdogo wake alikuwa amejiandaa kwa vyombo kuvunjika, si kwa maneno hayo. "Nitakupigia kila Jumapili saa kumi."

"Ukichelewa?"

"Siku nyingine nitachelewa, dada. Kuna vikao."

"Basi nitakutukana kidogo, halafu nitapoa."

Jumapili ya kwanza simu ilichelewa dakika arobaini. Ghafla alikuwa ameshaifungia namba ya mdogo wake mara mbili, na mara mbili akaifungulia. Ilipolia, alipokea.