Mayai ya Watu

Simu iliita, Hafsa akiwa bado juu ya mswala, hajamaliza nyiradi za alfajiri. Alikuwa Anton, mkulima wa tumbaku wa Usoke, ambaye Saidi, baba yake Hafsa, alikwenda kumfungia umeme wa jua na kulala kwake. Kwa kawaida Anton huongea kwenye simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hafsa mwanangu, shangazi yako yupo karibu?"

"Hayupo. Shikamoo. Nipe baba niongee naye."

Anton hakuitikia shikamoo. "Baba alijinyoosha jana usiku baada ya kuswali. Hakuamka, mama. Tunamleta."

Hafsa alisema innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun, akairudia, maana mwanzoni haikutoka yote. Alipoinua macho aliiona mashine ya kutotolesha kwenye kona ya sebule, namba zake za kijani zikiwaka kama kwamba hakuna lililotokea. Humo mlikuwa na mayai ya majirani, mengi yakiwa ya Nyamizi wa nyumba ya pili, na yalikuwa yamekaribia kuanguliwa.

Saidi aliiunda mwenyewe. Ufundi wake aliuanza na redio, akaja kwenye simu, na kila spika za seminari ya Kipalapala zilipokufa waliitwa yeye na bisibisi zake. Aliswali adhuhuri barazani kwao, akaendelea na kazi. Mapadri walimtania kwamba ni mtu wa msikitini anayefufua sauti za kanisa. Miaka ya karibuni alipenda zile kompyuta ndogo za kutosha kiganjani, ambazo hupewa kazi moja tu. Hii kazi yake ilikuwa kupima joto la mayai, kuwasha taa ya kuyapasha, kuizima, na kuzungusha feni. Aliifungia ndani ya boksi la bati juu ya mashine, uso wake ukiwa kioo kidogo cha namba. Kwa mayai yale hakuwahi kusema "yangu". "Ni amana," alikuwa akisema, "na amana haina udogo. Yai la mtu ni kama ng'ombe wa mtu."

Jua lilipopanda nyumba ilikuwa imejaa. Shangazi Zamda, dada wa marehemu, alifanya yanayofanywa kwao kukiwa na msiba. Alifunika kioo cha ukutani, akafunika televisheni. Alipoona namba za kijani zikimeta, akakunja kanga mara mbili akalifunika na boksi lile.

"Nyumba ya msiba haihitaji vimulimuli," alisema.

Baadaye Nyamizi alimsogelea Hafsa mkekani. "Pole mwanangu. Sikutaka kusema habari ya mayai leo. Lakini nimekaa pale kwenye kona, ile taa siisikii ikisema 'ti' ikiwaka kama siku zote."

Hafsa aliinuka, akafunua kanga. Namba zilikuwa zimeganda. Alibonyeza kitufe, kioo kikakaa sana ndipo kikajibu. Ndani joto lilikuwa limeshuka na taa haijawaka. Ilipowaka, ilichelewa tena kuzima, mayai yakaanza kuzidiwa na joto. Kompyuta haikuwa imekufa. Ilikuwa imekuwa nzito, na kwa mayai yaliyofikia hapo, uzito huo unaua.

Alikagua nyaya, akazima, akawasha. Alipokuwa akihangaika hivyo, namba zilianza kukimbia vizuri. Akamshukuru Mungu.

"Baba yako yuko njiani, wewe unachezea kompyuta!" Zamda alimkemea. "Ukimaliza, funika."

"Ni mayai ya watu, shangazi."

"Nimesema funika."

Akafunika. Alipochungulia tena, uzito ulikuwa umerudi. Akadhani kadi ya kumbukumbu imechoka, akatoa nyingine kwenye droo ya baba yake, akaibadilisha. Mashine ikachangamka. Akafunika. Haikupita muda, ikalala tena. Hafsa aliegemea ukuta. Baba ataletwa, ataoshwa, kisha watu wataulizwa kama kuna anayemdai. Asimame nani aseme amana imeharibika ndani ya nyumba ya Saidi?

Hapo akaingia Mzee Fikiri, Mzaramo aliyestaafu reli, mtani wa marehemu, akipiga kelele tangu mlangoni kama utani unavyomruhusu. "Yuko wapi Mnyamwezi wangu? Nasikia amekimbia mayai ya watu!"

Wanawake walicheka huku wanalia. Fikiri akaiona mashine. "Na hii nayo imefiwa? Kanga yote hiyo kwenye joto hili? Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka kwetu pwani vifua wazi, ninyi mpagazi wenu mnamvika blanketi!"

Hafsa alisimama wima. Mpagazi. Ndilo neno la baba yake siku walipokuwa wakitoboa matundu nyuma ya boksi. "Kompyuta ndogo ni mpagazi, Hafsa. Jua likimzidi hatupi mzigo, hupunguza hatua asianguke. Usimpige. Mtafutie kivuli."

Alipitisha mkono chini ya kanga, akagusa bati. Lilikuwa la moto. Kanga ilikuwa imeziba matundu yote. Kila alipoifunua ili atengeneze, boksi lilipata hewa, naye akadhani ametengeneza.

"Shangazi, inakosa pumzi."

Zamda alisogea, akagusa bati. "Kwa hiyo ni mimi?"

"Ulimpa baba heshima. Ila mashine haiwezi kuibeba mgongoni."

Zamda aliondoa kanga mwenyewe. Akaomba kamba, akaifunga kutoka msumari hadi msumari, akatundika kanga mbele ya kona nzima, mbali na boksi.

"Sasa ni pazia," Fikiri alisema. "Mnyamwezi akifundishwa anaelewa, ila polepole."

Nyuma ya pazia taa ikasema "ti". Ikasema tena. Gari la Usoke lilipofika, Nyamizi alikuwa ameshaona yai moja lenye ufa, na ncha ya mdomo ikidonoa.

Wanaume walimwosha Saidi, wakamkafini. Imamu alisimama uani akauliza kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu.

"Mimi mayai yangu yapo, nimeyaona," Nyamizi alisema kutoka upande wa wanawake. "Simdai."

"Mimi namdai ubishi," alisema Fikiri, na sauti ikamkatika. "Nimesamehe."

Hafsa akaitwa kumuaga. Uso wa baba yake ulikuwa umetulia. Alimbusu kwenye paji, akamwombea Mungu amrehemu, akarudi nyuma. Uso ukafunikwa. Wanaume waliinua jeneza, Anton wa Usoke akiwa miongoni mwa waliolitia bega, wakatoka wakisema laa ilaaha illallah. Wanawake walibaki mlangoni mpaka sauti zilipopotelea njia ya makaburini. Saidi alizikwa baada ya alasiri, jirani na kaburi la mkewe.