Saa Isiyopatana na Redio

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia Kigoma, wengine kwa mitumbwi na wengine kwa miguu, nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio katika mtaa wa Gungu. Ufundi sikuusomea shule yoyote. Niliupata kwa kufungua redio mbovu, kuchora nilichokiona ndani, na kuzifunga tena mpaka nyingine zikaanza kusema. Sikupenda kuamini kitu kabla ya kukipima. Nadhani hilo ndilo lililonikutanisha na yule Mrundi.

Alikuja mchana akiwa na ruhusa ya kutoka kambini, akaomba kazi yoyote. Kwao alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia katika kiwanda. Kwapani alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Alilifungua mezani kwangu, akaondoa pamba, na katikati ya pamba kukawa na vichupa vya kioo, kila kimoja unene wa kidole gumba. Ndani ya kila kichupa kulikuwa na waya laini zilizokunjwa umbo la tarakimu, kuanzia sifuri hadi tisa, moja nyuma ya nyingine. Akaniambia vimejazwa gesi ya neoni. Ukiipa umeme tarakimu moja, gesi inayoigusa ndiyo inayowaka, waya yenyewe haiungui. Vilitoka kwenye mashine ya kiwandani iliyovunjwa na waporaji. Siku ya kukimbia aliacha godoro akachukua kopo.

Siku hiyohiyo ndiyo aliyopotezana na mkewe. Watu wa kilima chao walitawanyika usiku. Yeye alipita mgongoni mwa kilima pamoja na wanaume, mkewe akashuka bondeni na mama yake aliyekuwa hawezi kupanda. Walikubaliana kukutana ziwani. Alifika ziwani, akangoja mpaka wenye mitumbwi wakakataa kungoja naye.

Wakati ule kulikuwa na kipindi cha redio, masafa mafupi, kila jioni, kikisoma kwa Kirundi majina ya watu waliopotezana. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, na mimi ni mtu wa Kalinzi, msemaji wa Kiha, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani. Mpangilio ulikuwa haubadiliki: jina la anayetafutwa, jina la baba yake, kilima chao, kisha nani anamtafuta, mwisho mahali alipo huyo anayetafuta. Halafu linafuata jina jingine, bila kupumzika. Warundi wa Gungu walikuwa wakija kusimama mbele ya kibanda changu wasikilize. Kipindi kikiisha waliondoka bila kuagana. Fundi mwenzangu alikwisha kutuma jina la mkewe, lakini hatukuwahi kusikia likisomwa.

Saa tulianza kuijenga ili mikono iwe na kazi. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, leo upo kesho haupo, basi tukatumia betri ya gari. Taa zile zinataka umeme mkali kuliko wa ukutani, kwa hiyo tulitengeneza kipandisho kwa koili ya televisheni iliyokufa. Mapigo ya sekunde tuliyachukua kwenye saa ya ukutani ya bei rahisi, tukayapeleka kwenye vihesabio, na vihesabio vikachagua tarakimu ya kuwasha. Ilipowaka mara ya kwanza tulifunga dirisha tuione vizuri. Rangi yake ilikuwa ya kaa la moto lililopulizwa. Moja ilikaa mbele karibu na kioo, tatu ilikaa ndani zaidi, hata zikibadilika ungedhani kitu kinasogea kuja kwako na kurudi.

Mama mmoja wa Ilagala aliyeuza dagaa jirani nasi aliingia akaitazama, akauliza inakula nini. Nikamwambia betri ya gari.

"Betri nzima ya gari? Jogoo wangu anakula pumba tu, fundi, na hajawahi kukosea."

Mrundi alicheka kuliko mimi. Sikuwa nimemsikia akicheka kabla ya hapo.

Kasoro ilikuwa moja. Kipandisho kilipofanya kazi, kilitoa mngurumo uliojaa masafa mafupi yote. Saa na redio havikuweza kukaa pamoja. Tulijaribu kukifunika kwa bati, tukaongeza vidhibiti, mngurumo ukapungua lakini haukwisha. Kwa hiyo kila jioni, kipindi kilipokaribia, alichomoa waya ya betri. Na kila alipochomoa, saa ilisahau hesabu yake, tukaanza kuipanga upya.

Jioni moja alitaka kujua inachelewa au inawahi kiasi gani kutoka asubuhi mpaka asubuhi nyingine. Hesabu hiyo haiwezekani ukiizima katikati. Akasema tuiache iwake, majina tutayasikia hivyohivyo juu ya mngurumo. Yalikuwa yakisikika, kwa shida.

Jina lake yeye, si la mkewe, lilisomwa jioni hiyo.

Nililisikia mimi, akalisikia yeye, na watu waliosimama nje wakageuka kumtazama. Jina lake, la baba yake, la kilima chao. Sauti ya msomaji ikazama. Aliruka kwenye waya, akaikosa, akaishika mara ya pili. Taa zikazimika, redio ikawa safi kabisa, na neno la kwanza tulilolisikia lilikuwa "Uvira", mji ulio ng'ambo ya ziwa. Kisha likaja jina la mtu mwingine.

Watu wa nje hawakuwa wamesikia zaidi yetu. Nilimwambia mngurumo uliendelea kwa muda wa kutosha jina jingine kupita lote, na Uvira ikawa mahali alipo anayemtafuta huyo mwingine. Alisema mkono wake hauchelewi kiasi hicho. Kesho yake tukajaribu. Tuliwasha saa, nikasoma matangazo ya kubuni kwa mwendo wa msomaji, naye akaruka kwenye waya kama jana. Mara nyingine jina jingine lilipita, mara nyingine halikupita. Jaribio halikuamua kitu.

"Ngoja lirudiwe," nikamwambia. "Huwa wanarudia."

"Na lisiporudiwa?"

Alikwenda Kibirizi, kwenye gati la mitumbwi, nikimsindikiza, akapata mtumbwi wa chumvi unaokwenda upande ule, akaondoka bila kopo lake.

Niliendelea kusikiliza kila jioni, saa ikiwa imezimwa. Miezi ilipita. Vita vilikwisha kuanza huko Uvira, na wenye mitumbwi wa Kibirizi walikuwa hawaendi tena, ndipo jina lake liliposomwa mara ya pili. Nilisikia kila neno. Anatafutwa na mkewe. Mkewe yuko katika kambi upande wa Kasulu, mkoa wetu huuhuu.

Niliacha ujumbe kwa kila mwenye mtumbwi aliyekubali kuubeba. Kisha nikaenda Kasulu.

Kambini watu walikuwa wamejipanga kwa vilima walikotoka, kwa hiyo niliulizia kilima na nikaonyeshwa mlango. Mkewe alikuwa akichambua maharage ya mgao. Mama yake alikwisha fariki njiani. Nilimsalimu kwa Kiha, akaitika kwa Kirundi, akanipa kigoda na maji, na hakuuliza kitu mpaka nilipomaliza kunywa. Nilimweleza yote kwa mpangilio wake: kopo, saa, mngurumo, waya, Uvira. Alisikiliza ungo ukiwa mapajani.

"Alisikia kwamba anayemtafuta ni mimi?"

Lingekuwa jambo jepesi kusema ndiyo.

"Hapana. Alisikia jina lake tu. Lakini alipopanda mtumbwi aliniambia anakwenda kwako."

"Ego," akasema, yaani ndiyo. Aliniomba nimtajie tena mtumbwi ulitokea wapi na ulibeba nini. Nikamwambia ulitokea Kibirizi, ulibeba chumvi. Akarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayejifunza tangazo atakalolipeleka likasomwe redioni.