Nusu Upawa

Upawa wa Mama Shibe haukujua kutoka sufuriani ukiwa nusu. Uliingia kwenye wali, ukaibuka na kilima, ukakibwaga sahanini, kisha ukarudi kwenye maharage mpaka mchuzi ukatafuta pa kumwagikia. Jina la Shibe alipewa na wanafunzi wa chuo cha ufundi alichokuwa mpishi wake, naye akalivaa kama nguo mpya. Marehemu mama yake, aliyewapikia wajenzi wa barabara maisha yake yote, alimwachia imani moja: anayempimia mtu chakula anampimia na upendo.

Tatizo lilikuwa pipa. Lilikaa mlangoni mwa bwalo, la buluu, na kila baada ya chakula cha mchana lilijaa wali hadi mfuniko ukagoma. Mfugaji wa jirani alilizoa kwa mkokoteni, akisema wazi kwamba mifugo yake inakula vizuri kuliko yeye. Mkuu wa chuo alilitazama pipa hilo akafikia uamuzi wake: wanafunzi hawakipendi chakula. Alimwita mpishi ofisini.

“Kuna mzabuni wa nje,” alisema. “Analeta chakula tayari kwenye vifurushi. Nakupa wiki hii. Pipa likiendelea kujaa, jiko tunalifunga.”

Mama Shibe alirudi jikoni. Siku iliyofuata aliongeza kitunguu, akaongeza nazi, na kwa kuwa alitaka wapende, akaongeza na upawa. Pipa likafurika.

“Wapikie kama unavyonipikia mimi,” mumewe, fundi cherehani, alimshauri nyumbani.

“Nawapikia hivyo hivyo.”

“Basi wale watoto wana kasoro.”

Kesho yake, dirisha la jiko likagongwa. Alikuwa msichana wa darasa la umeme, mwenyekiti wa klabu ya mazingira, aliyeitwa Fyuzi kwa sababu hasira zake zilikatika na kurudi bila taarifa. Nyuma yake walisimama wenzake wawili.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Chumvi imezidi?”

“Chakula hakina neno. Ni kingi.”

“Kingi nacho ni kosa?”

“Mama, nitazame. Mimi mwembamba kama waya, unanipa sahani ya mbeba zege. Nikikuomba upunguze, unanuna.”

“Sinuni.”

“Hapo ulipo umenuna.”

Wenzake wakaficha vicheko mikononi. Fyuzi akasogea karibu. “Tujaribu kesho. Toa nusu, Mama. Nusu tu, asiyeshiba arudi. Klabu yetu itapita mezani kuwaeleza wote.”

Mama Shibe alilisikia neno nusu likamchoma. Neno arudi lilimpita kama mgeni asiyebisha hodi. Nani arudi? Tangu aanze kazi ile hakuna aliyewahi kurudi kuongezewa. Kwa sahani zake, hakuna aliyewahi kuhitaji. Asubuhi aliwasha jiko akapika kama alivyoagizwa: nusu ya mchele, nusu ya maharage.

Mchana mstari ulisogea. Kila alipoinua upawa usiojaa, alitazama pembeni kama mwizi. Wanafunzi wakaketi, wakala. Kisha mwanafunzi wa uchomeleaji, kijana mwenye mabega mapana kama mlango, akarudi dirishani na sahani nyeupe pe.

“Mama, niongeze.”

Alimwongeza. Nyuma yake alikuwapo mwingine, na mwingine. Punde upawa ukakwaruza ukoko, na mstari bado ulifika hadi kwenye pipa.

“Fyuzi!” aliita. “Kimekwisha!”

“Kimekwishaje? Umepika kiasi gani?”

“Nusu! Si ulisema nusu?”

“Nusu ya sahani, Mama! Siyo nusu ya sufuria!”

Bwalo likaangua kicheko, kisha vijiko vikaanza kugonga sahani: tu-na-ta-ka, tu-na-ta-ka. Mlango wa ofisi ya Mkuu ukafunguka ng'ambo ya uwanja. Nimekwisha, Mama Shibe aliwaza. Nimewashindisha watoto wa watu njaa. Akafungua friji. Trei mbili za wali wa jana zilikuwemo, zimefunikwa, zile ambazo kwa kawaida nazo zingeishia kwa mfugaji. Mafuta yakalia kikaangoni, vitunguu vikafuata, karoti, mayai, na ule wali juu. Harufu ikalinyamazisha bwalo.

“Mama,” mmoja akathubutu, “unatulisha makombo?”

Upawa ulisimama hewani. “Makombo ni ya mtu aliyekula akabakiza. Huu haujaingia sahani ya mtu. Hiki ni kiporo, na kiporo kina heshima yake. Asiyetaka ampishe mwenziwe.”

Hakuna aliyepisha.

“Kwetu kiporo kilipiganiwa,” yule mchomeleaji alisema. “Mimi na dada yangu tulitoana meno.”

“Ndiyo maana una pengo!” Fyuzi akamrushia.

Mkuu alikuwa amesimama kando ya pipa. Aliinua mfuniko. Chini kulikuwa na maganda ya vitunguu, basi.

“Kelele hizi za nini?”

“Wanataka chakula,” Mama Shibe alijibu, na alipojisikia akisema hivyo kicheko kikamtoka, akashindwa kukizuia, akashika ukingo wa meza. Miaka yote alikuwa akitoa, leo ameombwa. “Wanataka chakula changu, Mkuu!”

Mkuu alirudisha mfuniko taratibu. “Yule mzabuni nitamwambia atafute kwingine.” Akakichungulia kikaango. “Na mimi nimo?”

“Mstari unaanzia kule, Mkuu,” alisema Fyuzi.

Akaenda kule. Mbele yake alisimama mchomeleaji, kwa mara ya tatu sasa, akijifanya hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.